Faili Zikaazo Katika Kumbukumbu, na Akiba ya Swapu Nyuma Yake

Msimamizi wa seva aliyeipandisha mashine yake kutoka Debian 12 hadi Debian 13, toleo lililotoka mwezi wa Agosti mwaka 2025, alipokea pamoja na mengi mengine badiliko moja ambalo halikumwomba idhini: saraka ya /tmp, iliyokuwa ikikaa juu ya diski kama saraka nyingine yoyote, sasa hukaa ndani ya RAM, na ina ruhusa ya kutwaa hadi nusu ya RAM hiyo. Badiliko hilo mimi naliona kuwa jema. Lakini limewakuta wengi hawajafanya hesabu ambayo sharti iandamane nalo, na kwa kuwa hesabu hiyo si ngumu, wala haihitaji zaidi ya amri tano au sita na saa moja ya utulivu, muradi wa mwongozo huu ni kukuongoza, msomaji, uifanye kabla seva yako haijaifanya kwa niaba yako.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1979 Chuo Kikuu cha California kule Berkeley kilitoa 3BSD, ambayo iliipa Unix ya mashine za VAX uwezo wa kuhamisha kumbukumbu kwenda diskini ukurasa mmoja mmoja, badala ya kuuhamisha mchakato mzima kama ilivyokuwa desturi katika mashine ndogo za PDP-11. Na kumbukumbu ilipokwisha kuweza kuegemea diski kwa namna hiyo, haikukawia kuzuka fikira ya kuziweka faili zenyewe ndani ya kumbukumbu, na kuiacha kumbukumbu iegemee diski pale tu inapozidiwa. Sun Microsystems waliingiza tmpfs, mfumo wa faili wa namna hiyo, katika SunOS mwishoni mwa miaka ya 1980, na Solaris iliyorithi kazi yao imekuwa kwa miaka mingi ikiipachika /tmp kwa tmpfs bila kuulizwa. Linux iliipata tmpfs katika kerneli ya 2.4, mwaka 2001. NetBSD iliandikiwa ya kwake na Julio Merino mwaka 2005, na FreeBSD ikaichukua kutoka huko. Kwa hiyo Debian imewasili mwisho wa msafara, wala haikuanzisha njia.

Ili hesabu ieleweke, yafaa kwanza ifahamike kile ambacho kerneli hukifanya na faili. Faili ya diskini inaposomwa au kuandikwa, kerneli huweka kurasa zake katika RAM ili zipatikane upesi zitakapohitajiwa tena, na ukurasa, katika mashine za kawaida za x86, ni kipande cha baiti 4096. Kumbukumbu inapobana, kerneli huzitupa kurasa hizo bila hasara, kwa sababu asili zake ziko diskini. Na zile zilizobadilishwa huziandika diskini kwanza, kisha huzitupa. Faili ya tmpfs nayo hukaa katika kurasa za namna hiyohiyo, chini ya utaratibu uleule, ila nyuma yake hapana diski: ukurasa ulio katika RAM si nakala bali ndio asili, na kuutupa ni kuiangamiza faili. Basi kerneli haina ila njia moja ya kuuondoa ukurasa huo katika RAM, nayo ni kuuandika katika swapu, yaani sehemu ya diski iliyotengwa kupokea kurasa za kumbukumbu. Na pasipokuwa na swapu, ukurasa huo hukaa palepale, hata kama faili yake haijaguswa na mtu kwa muda wa miezi mitatu, mpaka ifutwe au mashine izimwe.

Hapo ndipo tmpfs na swapu zinapokuwa jambo moja lenye pande mbili, na ndiyo sababu nashikilia kwamba mtu akiulizwa ukubwa wa /tmp yake asijibu kabla hajautaja ukubwa wa swapu yake. Faili iliyomo katika tmpfs ni deni juu ya jumla ya RAM na swapu, na wadai wengine wa jumla hiyohiyo ni michakato yote inayoendelea katika mashine: hifadhidata, programu za wavuti, huduma za barua, na wewe mwenyewe unapoingia kufanya kazi.

Deni hili lina ubaya wake wa pekee ambao nataka nikae nao kidogo, kwa maana ndio unaowatatiza hata wasimamizi wenye uzoefu. Kumbukumbu inapokwisha kabisa, kerneli ya Linux huuchagua mchakato mmoja, aghalabu ule uliotwaa kumbukumbu nyingi kuliko mingine, na kuuua ili sehemu yake irudi. Lakini faili ya tmpfs haina mchakato unaoimiliki. Programu iliyoiandika yaweza kuwa imekwisha kazi yake na kuondoka zamani, na faili ikabaki. Kwa hiyo kerneli, ikizidiwa na /tmp iliyojaa, huiua hifadhidata, ambayo haikuwa na kosa. Kumbukumbu ikapatikana kwa muda, hifadhidata ikawashwa tena na huduma inayoisimamia, ikaanza kujaza kumbukumbu yake, ikauawa tena. Na muda wote huo faili kubwa iliyoleta msiba imelala katika /tmp salama salimini. Maelezo ya kerneli yenyewe yanaonya kwamba tmpfs zilizopewa ukubwa kupita kiasi zaweza kuifunga mashine kabisa, kwa kuwa utaratibu huo wa kuua michakato hauna uwezo wa kuikomboa kumbukumbu iliyoshikwa na faili. Ukisoma katika daftari la matukio kwamba hifadhidata imeuawa kwa uhaba wa kumbukumbu, tafadhali usikimbilie kuilaumu na kuipunguzia mgao kabla hujaandika amri hizi mbili na kutazama majibu yake:

df -h -t tmpfs
free -h

Amri ya kwanza itakuonyesha kila tmpfs iliyopachikwa, kikomo chake na kiasi kilichotumika. Katika jibu la ya pili itazame safu iitwayo shared, maana humo ndimo zinamohesabiwa faili za tmpfs pamoja na kumbukumbu ambayo michakato inashirikiana. Na katika /proc/meminfo hesabu hiyohiyo huandikwa Shmem. Hapa pana mtego mmoja. Wengi wetu tulifundishwa kwamba kiasi chote kilicho chini ya safu ya buff/cache ni kumbukumbu ambayo kerneli yaweza kuirudisha wakati wowote, nasi tukitazama seva yenye gigabaiti sita katika safu hiyo tunatulia. Lakini tmpfs imo humo, na sehemu hiyo hairudi. Safu ya kuamini ni available, ambayo hukisiwa kwa kuliondoa deni hilo.

Na ikitokea df ikasema /tmp imejaa ilhali ls haikuonyeshi faili ya maana, basi yamkini ziko faili zilizofutwa majina yake huku mchakato fulani ungali umezifungua. Kumbukumbu yake haiachiliwi mpaka mchakato huo uzifunge. Amri ya lsof +aL1 /tmp itakutajia majina ya wahusika.

Sasa tuje kwenye kikomo. Neno size linaloandikwa katika tmpfs ni kikomo cha juu, si sehemu iliyotengwa. Tmpfs tupu yenye kikomo cha gigabaiti nane haili chochote cha kuhesabika. Linux isipoambiwa kikomo hukiweka kuwa nusu ya RAM, na hufanya hivyo kwa kila tmpfs peke yake, bila kuangalia nyingine zimeahidiwa nini. Matokeo yake ni kwamba katika seva ya kawaida /dev/shm imeahidiwa nusu, /tmp imeahidiwa nusu nyingine, /run ina sehemu yake, na kila mtumiaji anayeingia hupewa na systemd saraka yake chini ya /run/user yenye kikomo cha asilimia 10 ya RAM. Kwa hiyo kabla programu hata moja ya maana haijaanza, ahadi zimekwisha kuipita RAM yote. Katika siku za kawaida hapana madhara, maana ahadi hazidaiwi zote kwa pamoja. Wajibu wako ni kuhakikisha kwamba hata siku ya dhiki haziwezi kudaiwa zaidi ya kilichopo.

Chukua mfano wa seva yenye gigabaiti 16 za RAM. Tuseme umepima, ukaona kwamba PostgreSQL pamoja na miunganisho yake yote hufika gigabaiti 8 katika saa yake nzito, programu za wavuti 4, na kerneli pamoja na huduma ndogondogo 1. Kupima huko, nakusihi, kusifanywe asubuhi ya Jumanne iliyopoa; kufanywe siku ya kufunga hesabu za mwezi, au usiku ule nakala za akiba zinapochukuliwa, kwa sababu dhiki huja saa kama hizo. Zimebaki 3. Lakini PostgreSQL hutegemea sana kache ya faili inayoshikwa na kerneli, na ukiimaliza kache hiyo kila swali litakwenda diskini. Basi iachie gigabaiti 1 angalau, ukipenda zaidi ni bora. Mbili zilizosalia ndizo unazoweza kuipa /tmp kwa moyo mkunjufu, na uone jinsi zilivyo mbali na zile 8 ambazo mashine ingejitwalia bila kuuliza. Ukiwa na swapu ya gigabaiti 4 waweza kukipandisha kikomo hadi 4, mradi ujue kwamba nusu ya pili itakapojaa, kurasa fulani zitakwenda diskini, na faida ya kasi uliyoitafuta kwa kuiweka /tmp katika kumbukumbu itakuwa imepungua kwa kiasi hicho.

Kukiandika kikomo ni kazi nyepesi. Katika Debian 13 na mifumo mingine ambayo systemd ndiyo inayoipachika /tmp, andika systemctl edit tmp.mount na uweke mistari hii:

[Mount]
Options=mode=1777,nosuid,nodev,size=2G,nr_inodes=1m

Zingatia kwamba mstari wa Options huondoa kabisa ule wa asili, haujumlishwi nao; kwa hiyo andika kila sharti unalolitaka. Aliyezoea /etc/fstab naye hakunyimwa njia yake, na mstari wake ni huu:

tmpfs /tmp tmpfs mode=1777,nosuid,nodev,size=2G 0 0

Wala huna haja ya kuizima seva ili kikomo kianze kufanya kazi. Amri ya mount -o remount,size=2G /tmp hukibadilisha papo hapo, na faili zilizomo hazidhuriki; kama zilizomo zimekwisha kuzidi kiasi unachokitaka, kerneli itakataa, nawe utajua kwamba pana cha kufutwa kwanza. Na ukiona kuwa /tmp katika kumbukumbu haiifai kazi ya seva yako hata kidogo, systemctl mask tmp.mount na kuiwasha upya mashine kutairudisha diskini kama zamani. Hapana aibu katika kuchagua hivyo. Seva yenye gigabaiti moja ya RAM, kama zile ndogo tunazozikodi kwa mwezi, aghalabu hunufaika zaidi kwa njia hiyo.

Hiyo nr_inodes niliyoitia katika mstari wa kwanza ni kikomo cha idadi ya faili. Programu inayomwaga faili ndogondogo kwa malaki yaweza kukigonga kikomo hicho wakati df -h bado inaonyesha nafasi tele, na ujumbe utakaoupata ni uleule wa kwamba nafasi imekwisha. Amri ya df -i ndiyo itakayokutoa gizani. Kumbuka vilevile kwamba faili yenye baiti kumi hula ukurasa mzima wa baiti 4096.

Waliopandisha mashine zao, badala ya kuzisimika upya, wana jambo moja zaidi la kuangalia. Faili za zamani zilizokuwa katika /tmp ya diski hazikufutwa. Zimefunikwa tu na tmpfs iliyopachikwa juu yake, hazionekani lakini zinakula diski. Andika mount --bind / /mnt, uzione chini ya /mnt/tmp, uzifute, kisha umount /mnt.

Wanaosimamia Solaris na FreeBSD wana hatari kubwa zaidi, kwa sababu huko tmpfs isiyotajiwa kikomo haisimami katika nusu ya RAM, bali huweza kutwaa kumbukumbu yote iliyo wazi pamoja na swapu. Solaris haitoi kumbukumbu kwa ahadi ambayo haina uhakika wa kuitimiza, kwa hiyo /tmp ikijaa huko michakato mipya hunyimwa nafasi ya kuanza, nawe waweza kushindwa hata kuingia ili ufute. Katika /etc/vfstab ya Solaris mstari ni swap - /tmp tmpfs - yes size=2048m, na hali ya swapu hutazamwa kwa swap -s na swap -l; katika /etc/fstab ya FreeBSD ni tmpfs /tmp tmpfs rw,mode=1777,size=2g 0 0. Usiuache mstari huo bila size.

Tumeifikia swapu yenyewe. Kanuni ya kale, kwamba swapu iwe mara mbili ya RAM, ilikuwa na maana siku ambazo RAM ilihesabiwa kwa megabaiti chache, na hata matoleo ya mwanzo ya kerneli ya 2.4 yaliihitaji kwa jinsi yalivyopanga kurasa. Leo, mtu mwenye gigabaiti 256 akiifuata atatenga diski kubwa kwa ajili ya kitu ambacho, kikitumika chote, seva itakuwa imekwisha kupooza. Red Hat hushauri swapu ilingane na RAM kwa mashine za gigabaiti 2 hadi 8, na isipungue gigabaiti 4 kwa zile za 8 hadi 64. Mimi huongeza sharti moja: swapu iweze kuzibeba faili zote za tmpfs ambazo kikomo ulichokiweka kimezivusha nje ya RAM katika hesabu yako. Kinyume cha kanuni ya kale ni itikadi mpya ya kuifuta swapu kabisa, ati kwa kuwa RAM siku hizi ni nyingi. Sikubaliani nayo katika seva yenye tmpfs. Bila swapu, faili iliyosahauliwa katika /tmp na kumbukumbu ambayo mchakato uliiomba asubuhi ya kuwashwa usiiguse tena hushikilia RAM milele, na kinachotupwa badala yake ni kache ya faili zinazosomwa kila sekunde.

Kutengeneza faili ya swapu ya gigabaiti 4 katika ext4 huchukua amri nne:

dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=4096
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Ili idumu baada ya kuwashwa upya, ongeza katika /etc/fstab mstari huu: /swapfile none swap sw 0 0. Ile chmod usiiache, kwa maana faili ya swapu inayosomeka na kila mtu ni kumbukumbu ya kila mtu iliyoanikwa hadharani. Swapu haikubali faili yenye mashimo ndani yake, na ndiyo sababu nikapendelea dd. Katika Btrfs mambo ni mengine, na huko tumia btrfs filesystem mkswapfile. Kama una diski mbili za kasi sawa, zipe swapu zake kipaumbele kimoja kwa neno pri, na kerneli itazitumia kwa zamu.

Liko pia gurudumu liitwalo vm.swappiness, ambalo huanza na 60, na tangu kerneli ya 5.8 laweza kufika 200. Wako wanaodhani kwamba namba hiyo ni asilimia ya RAM itakayojaa kabla swapu haijaanza, sivyo. Ni mizani ambayo kerneli hupimia lipi ni ghali zaidi: kuupeleka ukurasa katika swapu, au kuutupa ukurasa wa kache na kuusoma tena diskini baadaye. Kurasa za tmpfs huwekwa upande wa swapu katika mizani hiyo. Basi anayeishusha namba hadi 1 kwa nia ya kuilinda hifadhidata yake huzilinda pamoja nayo takataka zilizolala katika /tmp, na kwa kufanya hivyo huinyima hifadhidata hiyohiyo kache iliyokuwa ikiitegemea. Iache 60 mpaka vipimo vikuonyeshe sababu ya kuigusa.

Kipimo chenyewe ni vmstat 1, na safu za kutazama ni si na so, yaani kurasa zinazoingia kutoka swapu na zinazokwenda huko. Swapu iliyotumika gigabaiti moja huku safu hizo zikisoma sufuri ni afya njema: vilivyolala vimepelekwa vikalale nje. Safu zote mbili zikiwa zinapanda mfululizo, dakika baada ya dakika, basi kazi inayotakiwa sasa hivi imeizidi RAM, na hapo swapu kubwa zaidi haitakuponya. Punguza kazi, punguza kikomo cha tmpfs, au nunua RAM. Wala usijaribu kuituliza seva iliyo katika hali hiyo kwa swapoff, maana amri hiyo huvuta kila kilichomo katika swapu kirudi katika RAM ambayo tayari haina nafasi. Ikague available kwanza, na iwe kubwa kuliko swapu iliyotumika.

Ni vitu gani basi vinavyostahili kukaa katika kumbukumbu? Faida ya tmpfs, nisiizidishie sifa, ni ndogo kuliko inavyotajwa, kwa sababu hata faili ya kawaida huandikwa kwanza katika kache, na iliyoandikwa ikafutwa ndani ya sekunde chache huenda isifike diskini kamwe. Wanaonufaika kwa dhahiri ni wale wanaofungua na kufuta faili ndogo kwa wingi, na wale wanaoilazimisha kerneli iandike diskini kila mara kwa fsync, maana katika tmpfs ombi hilo halina la kusubiri. Faili za vikao vya wavuti, kufuli, soketi, na vipande vinavyozaliwa wakati wa kujenga programu kutoka msimbo wake, vyote hivyo ni wenyeji halali wa mahali hapo.

Visivyostahili ni vingi zaidi. Nakala ya hifadhidata inayoandikwa /tmp usiku kisha ikahamishwa ndiyo ya kwanza miongoni mwavyo. Ihamishie /var/tmp, ambayo hubaki diskini na ambayo kwa desturi huhifadhi vilivyomo hata mashine ikiwashwa upya. Amri ya sort, inapopanga faili kubwa, humwaga vipande vyake katika /tmp, kwa hiyo ipe -T /var/tmp. Hifadhidata ya MySQL inayofuata nyingine kama nakala yake hairuhusiwi kuwekewa tmpdir katika kumbukumbu, kwa agizo la waandishi wake, kwa kuwa baadhi ya faili hizo za muda zinahitajiwa hata baada ya kuwashwa upya ili unakili uendelee. Na PostgreSQL inaonya dhidi ya kuweka sehemu yoyote ya hifadhi yake katika diski ya RAM, kwani kupotea kwa sehemu moja kwahatarisha hifadhidata nzima, hata ile iliyo diskini. Chochote ambacho umeme ukikatika sasa hivi ungekilia, hicho si cha tmpfs, na katika miji yetu umeme hukatika.

Kwa wanaoendesha kontena, kanuni ni ileile katika chumba chembamba zaidi. Kurasa za tmpfs huandikwa katika hesabu ya kontena iliyoziandika, na emptyDir ya Kubernetes iliyowekwa katika Memory huhesabiwa ndani ya kikomo cha kumbukumbu cha kontena. Programu iliyopewa megabaiti 512 ikaandika faili za megabaiti 300 imebakiwa na 212 za kuishi. Docker kwa upande wake hutoa /dev/shm ya megabaiti 64 tu, kiasi ambacho PostgreSQL hukilalamikia inapogawa swali moja kwa michakato kadhaa. Kiongeze kwa --shm-size, na ukihesabu.

Juu ya usalama nitasema machache. Anayeweka nywila au funguo za siri katika tmpfs akidhani hazitagusa diski amekosea, kwa sababu swapu ni diski. Tangu kerneli ya 6.4, ya mwaka 2023, tmpfs yaweza kupachikwa kwa sharti la noswap, na hilo linafaa kwa saraka ndogo ya siri yenye kikomo kidogo, si kwa /tmp. Njia pana zaidi ni kuisimba swapu yote kwa ufunguo wa nasibu unaozaliwa upya kila mashine inapowaka, kazi ambayo /etc/crypttab huifanya kwa mstari mmoja. Masharti ya nosuid na nodev yasikosekane. Noexec nayo ni njema, ila baadhi ya programu za kusimika huandika hati zake katika /tmp na kuziendesha humohumo, nazo zitagoma.

Ukishayaweka yote, yajaribu, nawe uchague saa ambayo watumiaji wamelala. Fungua dirisha moja lenye vmstat 1, na katika la pili uandike:

dd if=/dev/urandom of=/tmp/jaribio bs=1M count=2100

Nimetumia urandom badala ya zero kwa makusudi, kwa sababu kurasa za sufuri tupu, zikienda katika swapu yenye ukandamizaji, hazichukui nafasi yoyote ya maana na kipimo chako kitakudanganya. Kwa kikomo cha 2G, dd yapaswa kukataliwa kabla haijamaliza, na kukataliwa huko ndiko unakokutaka: programu moja imeambiwa nafasi imekwisha, na nyingine zote zinaendelea. Itazame safu ya so wakati huo. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, hesabu yako imesimama sawasawa, na ikipanda isishuke, rudi upunguze kikomo kwa nusu gigabaiti ujaribu tena. Kisha futa /tmp/jaribio, andika free -h, na uhakikishe kwamba safu ya shared imerudi ilipokuwa.